Mukuba, shamba na reli: kazi zilizolisha Katanga

Siku moja, mu kalasi ya tano, nilikuwa ninafundisha juu ya mwanzo wa kampuni kubwa mu Katanga. Mwanafunzi mmoja akainua mkono, akaniuliza: «Mwalimu, mbele Wazungu wafike, watu ya huku walikuwa wanakula nini? Maana kazi haikukuwaga.» Kalasi lote likacheka. Mimi sikucheka. Nilijua kwamba yule kijana, kila Jumamosi na kila Jumapili, alikuwa anaenda kuchimba mawe kwa mikono, na Jumatatu alikuwa anasinzia juu ya dawati. Kwake yeye, kazi ni kampuni ao ni shimo. Kitu kingine hakuna.

Nilimujibu kwa maneno machache sababu kengele ililia. Jibu lote ninaliandika hapa, juu yake na juu ya wengi wanaofikiri kama yeye. Nataka kuonyesha jambo moja: mu inchi yetu ya Katanga, mukuba ulikuwa kazi kubwa tangu zamani sana, lakini wazee wetu hawakuufanya kuwa kazi ya peke yake. Siku tulipouacha ukae peke yake, njo siku tulianza kuwa na njaa juu ya utajiri.

1. «Kula mukuba»

Mashahidi wa kwanza ni wafu. Pa Sanga, kwenye ziwa Kisale, mu bonde la Upemba, wataalamu walianza kufukua makaburi ya zamani mwaka 1957. Jacques Nenquin alitangulia, kiisha Jean Hiernaux, na tangu miaka ya 1970 Pierre de Maret. Mu makaburi yale walikuta vyungu vizuri, majembe na shoka za chuma, pete na mikufu ya shaba. Mu makaburi ya tangu karne ya 13 hivi walikuta pia misalaba midogo ya shaba, imewekwa kifuani ao karibu na mikono ya marehemu. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ile ilizidi kuwa midogo na kulingana kipimo. Kitu kinacholingana kipimo ni kitu cha kuhesabu. Wataalamu wanaona kwamba ile misalaba ilikuwa imegeuka feza ya biashara.

Hapa mwanafunzi mzuri atauliza: mu Upemba kuna mukuba? Hapana. Mukuba uko kusini, mu vilima vya kutoka Kolwezi mupaka Likasi, Lubumbashi na Kipushi. Basi, zaidi ya miaka 600 iliyopita, kulikuwa tayari watu waliochimba huku, watu waliobeba, na watu waliopokea kule. Ile inaitwa uchumi, hata kama hakukuwa ofisi.

Namna ya kuyeyusha iliandikwa vizuri na Jean-Félix de Hemptinne, mkubwa wa kanisa katoliki mu Katanga, mu makala aliyochapisha mwaka 1926 juu ya wale aliowaita «walaji wa mukuba». Jina lile halikutoka kwake. Wenyewe walikuwa wanasema wanaenda «kula mukuba», sawa vile tunasema leo mutu anakula mushahara.

Kazi ilikuwa hivi. Mtama ukiisha kuvunwa na mvua kukatika, mkubwa wa kijiji alitangaza safari ya kwenda ku kilima. Vilima vya mukuba vinajulikana kwa macho: miti mikubwa haikubali kuota pale, ni majani mafupi na maua tu. Fundi, yule aliyejua dawa na siri za kazi, njo alitangulia. Wanaume walichimba mashimo kwa vyuma, wakitafuta jiwe la kijani, malakita. Wanawake na watoto walikusanya mawe na kuyachagua. Wengine walikata miti migumu na kuchoma makaa. Matanuru yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, sababu ule unavumilia moto. Mivukuto ilikuwa ya ngozi ya nyama, na pepo yake ilipita mu mirija ya udongo. Mukuba wa kwanza uliotoka ulikuwa bado muchafu. Waliuyeyusha mara ya pili, kiisha wakaumwanga mu umbo la musalaba.

Dalili za mvua zikionekana, kazi ilisimama. Watu walizima moto, wakarudia majembe. Ndugu msomaji, kumbuka vizuri kalenda hii: kiangazi ni ya mukuba, mvua ni ya shamba. Hakuna fundi aliyeacha shamba lake juu ya tanuru, maana msalaba wa shaba hautafuniki.

2. Chumvi, samaki na njia

Mukuba ulikuwa na ndugu zake. Pa Mwashya, karibu na mto Lufira, watu walipika chumvi. Ku Kisale na ku maziwa mengine ya Upemba walivua samaki na kuwakausha. Wafua chuma walitengeneza majembe, shoka na mishale. Kutoka upande wa Waluba kulikuja mafuta ya ngazi na nguo za makuti. Mvuvi wa Upemba alikuwa na lazima ya chumvi, mupika chumvi alikuwa na lazima ya jembe, na mukuba ulipita katikati yao wote kama feza na kama pambo.

Wazee wanasema: kidole kimoja hakivunje chawa. Mwaka ambao mukuba haukutoka muzuri, samaki walikuwapo. Mwaka ambao mto ulikauka, mtama ulikuwapo mu gala. Sisemi kwamba njaa haikukuwa. Ilikuwa, na vita vilikuwa. Ninasema tu kwamba maisha hayakusimama juu ya mguu mumoja.

3. Msiri na misafara

Mu karne ya 19 mambo yaligeuka. Kutoka Unyamwezi, mu inchi inayoitwa leo Tanzania, walikuja wafanya biashara kutafuta mukuba na pembe za tembo. Mutoto wa mumoja wao, Ngelengwa, tunayemuita Msiri, alikaa mu Katanga tangu karibu mwaka 1856. Akajenga mji mkubwa ku Bunkeya, akawa mwami wa Bayeke. Kwake njia za bahari mbili zilikutana: misafara ilitoka upande wa Zanzibar, mingine upande wa Benguela mu Angola. Lugha hii ninayoandika ilipita pia mu njia zile.

Bayeke walikuwa na ustadi wao: walivuta mukuba mupaka ukawa uzi mwembamba, wakafuma nao bangili. Lakini tusidanganye watoto wetu. Katika biashara ya Msiri, karibu na mukuba, chumvi na pembe, kulikuwa watumwa; na bunduki na baruti zilizorudi ziliongeza utumwa mwingine. Basanga, wenyeji wa vilima vya mukuba, walichoka kunyanyaswa na kodi, wakaasi mwaka 1891. Tarehe 20 Desemba mwaka ule ule, kapiteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs, alimuua Msiri kwa bunduki, naye akauawa palepale. Mwenye inchi akawa Leopold II, mfalme wa Wabeleji.

Mwaka uliofuata, 1892, Jules Cornet, mutaalamu wa mawe, alipitia inchi na kuangalia vilima. Mara nyingi alichoonyeshwa kilikuwa shimo la zamani la wazee wetu. Kwa hiyo, mtu akisema «Wazungu walivumbua mukuba wa Katanga», mwambie ajibu kwanza nani alichimba yale mashimo.

4. Kampuni, reli na umeme

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mwaka ule ule ilizaliwa kampuni ya reli, BCK. Ni vizuri kuelewa sababu gani zilizaliwa pamoja. Katanga iko mbali na bahari zote. Mukuba bila njia ni jiwe. Reli ya kwanza ilitoka kusini, ikafika Élisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa mukuba wake wa kwanza. Mwaka 1918 reli ilifika Bukama, ku mto Lualaba. Mwaka 1928 ilifika Ilebo, ku mto Kasai, na mwaka 1931 njia ya Benguela, ya kwenda Lobito, ilifunguliwa.

Kiisha umeme. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilifungwa ku mto Lufira. Maji yalifunika bonde, yakazaa ziwa Tshangalele, ambamo watu wanavua samaki mupaka leo. Mwaka 1956 ilikuja Nseke ku Lualaba. Mukuba, reli na umeme vilikuwa kama mafiga matatu: ukitosha moja, chungu kinaanguka.

Tusisahau Shinkolobwe, karibu na Likasi. Madini ya pale yalitoa radiumu tangu miaka ya 1920, na uraniumu yake iliingia mu kazi ya kutengeneza bomu iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wachimbaji wa pale hawakuambiwa jiwe lile linaenda wapi.

Mwaka 1960, Union Minière ilikuwa inatoa karibu tani 300.000 za mukuba kwa mwaka. Ukitaka kuelewa sababu gani Katanga ilitangaza kujitenga tarehe 11 Julai 1960, na sababu gani vita vile vilidumu mupaka Januari 1963, usisome hotuba tu. Angalia pia nani alikuwa anapokea kodi ya mukuba.

5. Posho ilichukua nafasi ya shamba

Kampuni haikuwa na lazima ya fundi wa kiangazi. Ilikuwa na lazima ya mutu wa mwaka muzima. Ku mwanzo vijana walikusanywa vijijini na Bourse du Travail, iliyoanzishwa mwaka 1910, na kodi ya kichwa iliwasukuma. Wengi walikufa kwa magonjwa, wengi walitoroka. Kwa hiyo, karibu mwaka 1928, kampuni ilibadili siasa: mufanyakazi asaini kontra ya miaka mitatu, alete bibi, akae mu kambi. Watu walitoka Kasai, Lomami, Rwanda na Burundi, na Zambia ya leo. Hivi njo tulivyozaliwa sisi watu wa miji, wenye makabila mengi na lugha moja.

Kila juma posho iligawanywa: unga, samaki, mafuta, chumvi. Angalia vizuri, ni vitu vile vile vya zamani, lakini sasa vyote vilitoka ku mukono mumoja. Na unga wenyewe ulitoka wapi? Ku mwanzo ulitoka sana Rhodesia, pamoja na makaa ya mawe ya Wankie. Kiisha 1928, mahindi ya Kasai yalishuka kwa reli. Bukari ya mutama ya wazee iligeuka bukari ya mahindi ya kununua.

Tuseme pia mazuri, maana mwalimu wa historia hapimi kwa mizani ya upande mumoja. Kambi ilikuwa na lupitali, na wagonjwa walitunzwa. Ilikuwa na masomo, na wengi wetu tulijifunza kusoma pale. Lakini mufanyakazi hakuwa na neno la kusema. Mwezi wa Desemba 1941, bei zilikuwa zimepanda juu ya vita, na wafanyakazi waligoma kudai mushahara. Pa Élisabethville, tarehe 9 Desemba, askari waliwapiga risasi ku uwanja wa mupira. Makumi ya watu walikufa, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa ajili yao, alikuwa kati yao.

Marehemu baba yangu alikuwa mufanyakazi. Nyumbani mwetu kulikuwa msalaba wa shaba wa babu, unazuia mulango usifungwe na upepo. Siku moja mama alitaka kulima mahindi nyuma ya mji. Baba alikataa, akasema: «Bibi wa mutu wa kazi hawezi kushika jembe, watu watasema mushahara yangu haitoshe.» Sikuona ubaya mu neno lile. Leo ninaliona. Babu yake baba alishika nyundo na jembe pamoja, bila haya. Ilitosha miaka 50 ya posho jembe likawa aibu.

6. Baba alipougua

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ilitwaa mali ya Union Minière. Kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Jimbo lenyewe liliitwa Shaba tangu 1971 mupaka 1997: jimbo zima lilibeba jina la jiwe moja. Watu walizoea kusema kwamba kampuni ni baba na mama.

Lakini mafiga yalianza kutikisika. Mwaka 1975 njia ya Benguela ilifungwa juu ya vita vya Angola, na bei ya mukuba ilikuwa imeanguka. Vita vya 1977 na 1978 vilifika mupaka Kolwezi. Mwaka 1982 umeme wa Inga ulifika Kolwezi, kwa waya wa karibu kilometa 1.700, lakini deni lake lilikuwa kubwa. Feza ya mukuba ilikuwa inaenda Kinshasa, na mashine hazikubadilishwa. Hata hivyo, mwaka 1986 Gécamines ilitoa bado karibu tani 476.000. Kiisha, mwezi wa Septemba 1990, mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1991 watu walipora miji, na 1992 na 1993 ndugu zetu wa Kasai walifukuzwa, kati yao mafundi wengi. Mwaka 1994 kampuni haikufikisha hata tani 40.000.

Nani atasimulia miaka ile? Mishahara haikutoka mwezi kwa mwezi. Wanawake walishika jembe bila kuuliza tena aibu. Walilima kando ya barabara, kando ya reli, mupaka kwenye kaburi. Watoto walilishwa na mihogo na majani ya matembele. Mwaka 2003 na 2004, zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walipewa feza kidogo na kuachishwa, mu kile kilichoitwa «kuondoka kwa hiari». Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Lubumbashi, mu kitabu cha mwaka 2001, aliwaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao. Mimi ninaongeza: baba yule alikuwa amewanyima kwanza jembe.

7. Leo

Sheria ya madini ya 2002 ilifungua mulango kwa makampuni ya inje. Tangu 2015 Katanga ya zamani imegawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Mukuba umerudi kwa nguvu: mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3, mara sita zaidi kuliko mwaka mkubwa wa Gécamines. Kobalti yetu ni zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima, na inaingia mu batri za simu na za motokari.

Mutu angesema basi, njaa imekwisha. Lakini nenda ku soko ya Lubumbashi kuuliza bei ya mufuko wa unga siku Zambia imekataza mahindi yake kutoka. Utaona kwamba tungali pale pale pa 1911: mukuba unapanda treni na motokari kubwa, unga unashuka kutoka inje. Na kobalti nayo si mama: bei yake ilianguka sana, mupaka serikali ikasimamisha kuiuza inje mwezi wa Februari 2025, na tangu Oktoba ikaweka vipimo kwa kila kampuni. Wachimbaji wa mikono, maelfu na maelfu, hawana posho, hawana lupitali, na wengi hawana shamba. Shimo likibomoka, ni matanga tu.

Kuna mulango mumoja uliofunguliwa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inasema kwamba mu kodi ya madini, asilimia 25 ni ya jimbo, asilimia 15 ni ya wilaya na vijiji vya mahali pa mgodi, na asilimia 10 ni ya vizazi vijavyo. Feza ile ni ya mukuba. Inaweza kununua mbegu, mbolea na trakteri, na kutengeneza njia za kutosha mahindi shambani. Ao inaweza kuliwa na watu wachache, na mashimo yatabaki matupu. Wenye kusoma wana kazi ya kuuliza hesabu zake, bila matusi na bila woga.

Kwa kumalizia

Yule kijana wangu hakumaliza mwaka. Mwenzake aliniambia ameenda mu machimbo ya Kolwezi. Kama karatasi hii itamufikia, jibu langu ni hili: mbele ya kampuni, watu wa huku walikuwa wanakula mtama wao, samaki wao, chumvi yao, na mukuba wao. Kazi ilikuwapo. Ilikuwa na fundi wake, kalenda yake na heshima yake, na ilijua kusimama mvua ikikaribia.

Kwa wenzangu walimu ninaomba jambo dogo. Wapeleke wanafunzi kwa wazee wangali hai, wa mu vijiji vya Lufira na Lualaba, waandike majina ya vifaa, ya mawe na ya majira ya kazi, mbele hayajapotea. Na kama masomo yana uwanja, hata mudogo, walime mahindi pale. Sisi tumeanza na mistari kumi nyuma ya kalasi ya tano. Ule msalaba wa babu niliupeleka pale mu kalasi. Sasa unapita mukononi mwa kila mwanafunzi siku ya somo la mukuba, kiisha tunatoka kwenda kupalilia.